Vidonda vya Tumbo: Miti Shamba Yatiwa Mizanini

Askari aliyekesha lindoni hurejea nyumbani alfajiri, na kabla hajavua viatu hujishika mahali pale pale, chini kidogo ya kidari, panapochoma kana kwamba amemeza kaa la moto. Akila chakula kidogo maumivu hutulia. Saa mbili au tatu zikipita, tumbo likiwa tupu, huanza upya, na usiku humwamsha usingizini. Mkewe amekwisha kusikia mengi kwa majirani wa kambini. Mmoja amemshauri achemshe magome ya mwarobaini. Wa pili amesifu maji ya kabichi mbichi. Wa tatu anamjua mzee wa sokoni auzaye gome la mti uchomao ulimi kuliko pilipili. Kila mmoja ana ndugu aliyepona. Wakati huo huo bwana mwenyewe, ili aiwahi zamu ya jioni, amepita dukani na kununua vidonge vya aspirini, asijue kwamba vidonge hivyo ni miongoni mwa vitu vinavyokichimba kidonda chake.

Mambo haya hutokea katika nyumba nyingi, nayo si ya kuchekwa. Kidonda cha tumbo kisichotibiwa huweza kuukata mshipa wa damu au kuutoboa ukuta wa tumbo, na hapo mgonjwa huwa na saa chache tu za kufikishwa mbele ya daktari mpasuaji. Wala si haki kumcheka mke wa askari kwa kuwa ametafuta mti. Dawa nyingi za hospitali asili yake ni mizizi na magome, na vidonda vya tumbo navyo vimewahi kutibiwa hospitalini kwa dawa iliyotolewa katika mzizi. Swali lililo mbele yake ni lile lile ambalo wataalamu wamekuwa wakilishughulikia tangu miaka ya 1940: itajulikanaje kwamba mti huu ndio ulioponya, na si kwamba mgonjwa alipona tu?

KISA CHA DAKTARI ALIYEKUNYWA VIJIDUDU

Tumbo la binadamu hutoa asidi kali ya kuyeyushia chakula. Asidi hiyo ingelila tumbo lenyewe lau si ute mzito unaoufunika ukuta wake wa ndani. Ute huo ukidhoofika, asidi hupenya na kuichimba nyama, ama ndani ya tumbo lenyewe, ama katika sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, na shimo hilo ndilo kidonda.

Kwa miaka mingi lawama yote iliwekwa juu ya pilipili, hasira na wasiwasi. London iliposhambuliwa kwa mabomu ya ndege katika miaka ya 1940 na 1941, madaktari wa huko waliona idadi ya watu waliotobolewa matumbo na vidonda ikipanda, na wengi wakaona huo ni ushahidi tosha kwamba hofu ndiyo mama wa maradhi haya. Wagonjwa wakaambiwa wanywe maziwa, wale chakula kisicho na ladha, na wapumzike. Walipata nafuu, kisha vidonda vikarudi.

Mnamo mwaka 1979, mjini Perth katika nchi ya Australia, Dk. Robin Warren aliona kwa darubini vijidudu vilivyopinda katika vipande vya nyama vilivyotolewa matumboni mwa wagonjwa. Wataalamu wengi waliamini kwamba hakuna kijidudu kiwezacho kuishi ndani ya asidi kali namna ile. Kijana mmoja, Dk. Barry Marshall, akajiunga naye, wakajaribu kuviotesha vijidudu hivyo bila ya kufanikiwa. Mwaka 1982 sikukuu ya Pasaka iliwaweka watumishi mbali na maabara, sahani zikakaa siku nyingi kuliko ada, na waliporudi wakakuta vimeota. Ucheleweshaji huo uliwafaa kuliko bidii yote ya miezi iliyotangulia.

Hata hivyo hawakusadikiwa. Mwaka 1984 Dk. Marshall, baada ya kuhakikishiwa kwamba tumbo lake lilikuwa zima, akanywa mchuzi wenye vijidudu vilivyotoka kwa mgonjwa. Baada ya siku chache akaanza kutapika, na siku ya kumi tumbo lake likaonekana limevimba ndani na kujaa vijidudu vile vile. Mwaka 2005 mabwana hao wawili walipewa Nishani ya Nobel. Kijidudu chenyewe huitwa Helicobacter pylori. Hujilinda kwa kutengeneza amonia inayoipoza asidi iliyokizunguka, kisha hujificha chini ya ute, ambako asidi na dawa nyingi hazikifikii kwa urahisi.

Hesabu zilizokusanywa kutoka nchi nyingi na kutangazwa mwaka 2017 zilikisia kwamba barani Afrika watu 70 hivi katika kila 100 wanacho. Wengi wao hukipata utotoni, nyumbani mwao, na wengi hawapati kidonda maisha yao yote. Kwa waliopata, kijidudu hiki ni chanzo kimoja kikubwa. Cha pili ni aspirini na jamaa zake wa kutuliza maumivu, kama vile ibuprofeni na diklofenaki. Wasiwasi na pilipili huweza kuyazidisha maumivu, lakini hukumu ya kwamba ndiyo asili ya kidonda imekwisha kutenguliwa.

Kwa ugunduzi huo, majaribio ya miti shamba nayo yalibadilika. Zamani ilitosha kuuliza kama mti unapunguza asidi au unaunenepesha ute. Sasa ikawa lazima kuuliza pia kama unakiua kijidudu, kwani kidonda kilichofungwa huku kijidudu kingali hai aghalabu hufunguka tena.

“ALIKUNYWA, AKAPONA”

Ushuhuda wa jirani una kasoro moja ambayo si kosa la jirani. Vidonda vya tumbo huja na kwenda. Katika majaribio mengi ya hospitali, wagonjwa waliopewa vidonge bandia visivyo na dawa yoyote walichunguzwa tena baada ya wiki 4, na ikaonekana kwamba watatu au wanne katika kila kumi vidonda vyao vimefungika. Kwa hiyo mganga atakayewapa wagonjwa kumi maji matupu yenye rangi atapata mashahidi watatu au wanne wa kweli kabisa, watakaoapa mbele ya yeyote kwamba wamepona kwa dawa yake. Wale sita au saba hawatarudi kumsimulia. Watakwenda kwa mganga mwingine.

Mtu msomi naye huweza kuingia katika shimo hili. Mwaka 1949 huko California, Marekani, Dk. Garnett Cheney alitangaza kwamba amewanywesha wagonjwa 13 maji ya kabichi mbichi, kiasi cha lita moja kwa siku. Kwa picha za eksirei aliona vidonda vya utumbo wa mwanzo vya wagonjwa 7 vikipona kwa wastani wa siku 10.4, na vya tumbo lenyewe vya wagonjwa 6 kwa siku 7.3. Habari hiyo ilienea duniani kote, na bila shaka ndiyo babu wa kabichi inayosifiwa kambini hadi leo.

Lakini Dk. Cheney hakuwa na kundi lake la pili la wagonjwa waliokaa karibu na hao 13, wakatazamwa kwa macho yale yale, wasipewe kabichi. Alilinganisha na siku 37 na siku 42 zilizoandikwa na madaktari wengine juu ya wagonjwa wengine. Huenda wagonjwa wake walikuwa na vidonda vidogo zaidi, au walipumzika zaidi. Kabichi haikushtakiwa kwa uongo, lakini ushahidi wake haukutosha.

Jaribio la haki lina masharti makali zaidi. Kidonda kionekane kwa macho, kwa mpira mwembamba wenye taa unaopitishwa kinywani hadi tumboni. Wagonjwa wagawanywe kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lipewe dawa, jingine lipewe kitu kinachofanana nayo kwa sura na ladha, na asiwepo mgonjwa wala daktari ajuaye nani amepata nini hadi siku ya kuhesabu. Mwisho mpira upitishwe tena. Ni kazi yenye gharama na usumbufu, na ndiyo sababu miti iliyofikishwa huko ni michache.

MZIZI ULIOFAULU, NA MADHARA YAKE

Mmoja wa hiyo michache ni urukususu, mzizi mtamu unaojulikana tangu kale katika nchi za Kiarabu, na ambao watu wa pwani yetu huutumia kwa kikohozi. Wakati wa vita kuu ya pili, daktari wa Kiholanzi aitwaye Revers aligundua kwamba wagonjwa wake wa vidonda walikuwa wakipata nafuu kwa dawa iliyopikwa na mwuza dawa wa mjini Heerenveen. Alipouliza imetengenezwa kwa nini, akaambiwa ni urukususu. Akaijaribu kwa wagonjwa wake, na mwaka 1946 akaandika kwamba inasaidia. Kwa uaminifu akaandika pia kwamba kiasi cha mgonjwa mmoja katika kila watano alivimba uso na miguu.

Waingereza walikitoa kiini cha mzizi huo na kukigeuza kuwa dawa iitwayo karbenoksoloni. Mwaka 1962 Dk. Richard Doll, yule yule aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuthibitisha kwamba sigara huleta saratani ya mapafu, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya jaribio la haki: vidonda vya tumbo viliponyeka kwa dawa hiyo kuliko kwa vidonge bandia. Hapa basi palikuwa na mti shamba uliopita mitihani yote, na kwa miaka mingi madaktari wa Ulaya waliiandika dawa yake bila ya kuona haya.

Lakini uvimbe wa Heerenveen haukwenda kokote. Urukususu huufanya mwili uzuie chumvi na maji na kuipoteza potasiamu. Shinikizo la damu hupanda, misuli hulegea, na moyo huweza kupiga kombo. Watengenezaji wakajaribu kuuondoa utamu wenye madhara na kuyabakiza mengine. Mwaka 1978 dawa hiyo iliyosafishwa ilipimwa kwa vidonge bandia nchini Uingereza, na tofauti haikuonekana. Wakati huo tayari simetidini ilikuwa imeingia madukani tangu 1976, ikipunguza asidi bila ya kuvimbisha miguu, na mwaka 1988 ikafuata omeprazoli iliyo na nguvu zaidi. Karbenoksoloni ikasahauliwa. Mzee mwenye shinikizo la damu anayenunua mzizi huo sokoni na kuunywa kila siku hana budi kukijua kisa hiki, kwa sababu wauzaji hawakisimulii.

KATIKA SAHANI NA KATIKA TUMBO

Baada ya vijidudu vya Perth kujulikana, maabara nyingi zilianza kuvitilia juisi ya kila mmea. Kazi hii ni rahisi: vijidudu huoteshwa katika sahani, dawa hudondoshwa juu yake, na kesho yake mtafiti hutazama pale vilipokufa. Kitunguu saumu kiliviua. Habari zikaandikwa kwamba tiba imepatikana jikoni.

Mwaka 1999 madaktari wa Marekani walitangaza jaribio lililoyakata maneno hayo. Waliwachukua watu 12 wenye kijidudu, na katika siku mbalimbali wakawapa milo mitatu ya nyama ya ng'ombe, chapati za mahindi na mchuzi. Siku moja waliongeza vitunguu saumu vibichi, punje 10 zilizokatwakatwa. Siku nyingine pilipili kali 6. Siku nyingine vidonge vya bismathi, ambayo ni dawa ya hospitali. Kisha wakapima pumzi za watu hao, kwani mwenye kijidudu hujulikana kwa pumzi yake. Bismathi ilivipunguza vijidudu. Kitunguu saumu na pilipili havikuvigusa. Jambo moja la faraja ni kwamba pilipili haikuvizidisha.

Kwa nini kilichoua katika sahani kishindwe tumboni? Katika sahani kijidudu kiko uchi, na dawa hukaa juu yake mchana kutwa. Tumboni dawa huchanganyika na chakula, huchapwa na asidi, na baada ya muda mfupi husukumwa kwenda utumboni, huku kijidudu kimelala chini ya ute kama askari ndani ya handaki.

Utomvu wa mti wa kisiwa cha Chios, Ugiriki, ambao Waarabu huuita mastaka, ulipita njia ndefu zaidi. Mwaka 1984 madaktari wa Irak waliujaribu kwa haki juu ya wagonjwa 38 wenye vidonda vya utumbo wa mwanzo. Katika 20 waliopewa gramu moja kwa siku kwa wiki 2, vidonda vya 14 vilipona. Katika 18 waliopewa kitu bandia walipona 4 tu. Mwaka 1998 watafiti wa Nottingham, Uingereza, wakaonyesha kwamba utomvu huo unakiua kijidudu katika sahani, na watu wakaona sababu ya kupona imejulikana. Mwaka 2003, katika mji ule ule, wagonjwa wachache wenye kijidudu walipewa gramu moja mara 4 kwa siku kwa siku 14. Walipopimwa, kijidudu kilikuwa kingali tumboni mwao. Mmoja wa waandishi wa 1998 alikuwamo katika jaribio hilo lililoipinga habari yake mwenyewe, na yastahili kusemwa kwamba si kila mwuza dawa, wa mjini au wa kijijini, angethubutu kufanya hivyo.

PANYA, NDIZI NA GONJA

Pale ambapo hakuna mgonjwa wa kujaribiwa, hutumiwa panya. Hufungishwa njaa, hupewa dawa ya mti, kisha hupewa aspirini au pombe kali ili tumbo lake lichubuke. Baada ya saa kadhaa huuawa, tumbo hupasuliwa na kutandazwa, na michubuko huhesabiwa kwa kioo cha kukuzia. Mamia ya miti ya Afrika na Asia imepita katika mlango huu, na mingi hufaulu, jambo ambalo lenyewe lapaswa kumtia mtu shaka. Kidonda cha panya hutengenezwa kwa saa chache. Cha askari kimekaa miaka, na mara nyingi kina kijidudu ndani yake.

Wala panya hawakosi kufundisha. Mwaka 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aston, mjini Birmingham, walitangaza kwamba unga wa ndizi mbichi zilizokaushwa, za aina ya gonja, uliwakinga panya na vidonda vya aspirini, tena uliviponya vilivyokwisha kutokea. Simetidini yenyewe ilikinga, lakini haikuviponya vidonda hivyo. Unga huo ulionekana kuuchochea ukuta wa tumbo ukue na kuwa mnene. Mwaka 1999 kiini kimoja cha kinga hiyo kikatajwa, nacho ni leukosianidini. Madaktari wa Kihindi nao waliwapa unga wa ndizi watu wenye kiungulia na maumivu, na mwaka 1990 wakaandika kwamba waliopata nafuu walikuwa wengi kuliko wasiopewa. Lakini watu hao hawakuwa na vidonda.

Habari ya ndizi huwafurahisha watu wa maziwa makuu, na hapo ndipo penye kosa jepesi. Ndizi ya Aston ni ya ukoo wa gonja, ile ndefu ambayo kwetu huchomwa au kukaangwa. Matoke ya kupika ni ukoo mwingine wa ndizi za nyanda za juu. Tena unga wa Aston ulitoka katika ndizi mbichi, haukupitia sufuriani wala juu ya makaa. Sahani ya matoke ni chakula chema kwa mtu yeyote, na mwenye kidonda ale ashibe. Asiihesabu tu kuwa kipimo cha dawa.

MWAROBAINI

Mti ulio karibu zaidi na milango ya wasomaji ni mwarobaini, na kwa bahati njema umechunguzwa vizuri kuliko mingi. Mjini Kolkata, India, wanasayansi walikausha maji yaliyotolewa katika gome lake hadi yakawa unga, wakagundua kwamba unga huo huifunga ile pampu ndogo ya chembe za tumbo inayosukuma asidi. Ni pampu ile ile inayofungwa na omeprazoli. Mwaka 2004 walitangaza matokeo kwa binadamu: miligramu 30 mara mbili kwa siku, kwa siku 10, ilipunguza asidi kwa asilimia 77, na wagonjwa wa vidonda vya utumbo wa mwanzo waliotumia miligramu 30 hadi 60 mara mbili kwa siku, kwa wiki 10, vidonda vyao vilikaribia kupona kabisa.

Matokeo hayo ni mazuri na yastahili heshima. Hata hivyo wagonjwa walikuwa wachache, hawakuwekewa kundi la dawa bandia, na wiki 10 ni muda ambao vidonda vingi hufungika vyenyewe. Tena miligramu 30 ni punje ya unga isiyojaza ncha ya kisu, iliyopimwa kwa mizani ya maabara. Sufuria ya magome yaliyochemshwa haina kipimo. Leo hutoa dawa hafifu, kesho hutoa kali, kwa kuwa gome la mti mmoja si sawa na la mwingine. Na jina moja la mti lisimdanganye mtu: mafuta ya mbegu za mwarobaini ni kitu kingine kabisa, na mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walieleza jinsi yalivyowatia sumu watoto wadogo waliopewa kama dawa. Mama mjamzito asiyaonje wala asinywe gome lake.

MAABARA ZETU

Nchi zetu hazikukaa kitako. Uganda ilianzisha maabara ya kuchunguza dawa za asili mwaka 1963, huko Wandegeya mjini Kampala. Tanzania ilianzisha chombo chake cha utafiti wa dawa za asili mwaka 1974, ambacho leo ni taasisi kamili huko Muhimbili. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata uliwatambua waganga wa jadi kuwa miongoni mwa watu wanaoweza kutumikia afya ya msingi. Tanzania ilipitisha sheria ya tiba asili mwaka 2002, na Uganda mwaka 2019.

Lile gome linalochoma ulimi, la mzee wa sokoni, aghalabu ni la mti ambao Waganda huuita mukuzanume, Wakikuyu muthiga, na Wamasai osokonoi. Ukali wake unajulikana hata kwa wanakemia: mwaka 1976 walieleza viini vyake, vilivyopatikana katika miti ya Afrika Mashariki, vyenye nguvu ya kuwazuia viwavi wasile majani. Lakini ulimi si mizani. Mchomo wa gome huweza kumfanya mgonjwa asahau mchomo wa kidonda kwa saa nzima, bila kidonda chenyewe kubadilika. Na mti huo una taabu yake mwenyewe: ukichunwa gome kuuzunguka shina hufa, na katika misitu kadhaa umechunwa hivyo.

Kuutoa mti sokoni hadi hospitalini ni safari yenye vituo vingi. Kwanza tawi lake hukaushwa na kuwekwa katika hifadhi ya mimea, kama ile ya Chuo Kikuu cha Makerere, ili kusiwe na ubishi mti gani unasemwa. Halafu hupimwa sumu yake, kisha kipimo chake. Afikapo mgonjwa ndipo panapokuwa na ugumu wa kweli: kwa kuwa sasa iko tiba inayojulikana, si halali kumnyima mgonjwa tiba hiyo ili aonekane kama mti peke yake utamponya. Kwa sababu hiyo mti huongezwa juu ya dawa za hospitali, na wapimaji hutazama kama walioongezewa wamewazidi wenzao. Tofauti huwa ndogo, na ili ionekane wahitajika wagonjwa wengi.

Kuna pia suala la mganga mwenyewe. Aliyerithi dawa kwa babu yake huogopa kuitaja, na woga wake una sababu. Katika miaka ya 1980 Wajapani walichukua mti wa Thailand uitwao plau-noi, wakatoa ndani yake kiini kiitwacho plaunotoli, kikauzwa Japani kama dawa ya vidonda vya tumbo. Kampuni ilipanda mashamba na kujenga kiwanda, na dawa ikafika kwa wagonjwa. Mganga wa kwetu akisikia kisa kama hicho huuliza jambo moja tu, nani alilipwa, na maabara itakayotaka siri yake yafaa iwe na jibu la maandishi kabla ya kumwomba akae kitini.

NYUMBANI, LEO HII

Wakati vipimo vikiendelea, askari wa alfajiri hawezi kungoja. Mwenye maumivu ya namna ile kwa zaidi ya wiki mbili aende apimwe kijidudu, kwa pumzi au kwa choo. Akionekana nacho hupewa dawa ya kupunguza asidi pamoja na viuavijasumu viwili au zaidi, na siku hizi mara nyingi bismathi huongezwa. Kwa kawaida ni siku 14. Vidonge hivyo huacha uchungu kinywani na huweza kuchafua tumbo, na wengi huviacha siku ya tano maumivu yanapokwisha. Kijidudu kilichopona siku ya tano hujifunza kuzishinda dawa, na mara ya pili huwa kigumu kukitoa. Baada ya wiki 4 tangu dawa ziishe apimwe tena, kwani kutulia kwa maumivu si hakikisho.

Aspirini na jamaa zake ziachwe, isipokuwa daktari ameziandika kwa ajili ya moyo, na hapo aulizwe kwanza. Sigara huchelewesha kidonda kupona. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha huliamsha tumbo litoe asidi zaidi. Kijidudu hupita nyumbani kutoka kinywa hadi kinywa na kwa mikono michafu, hivyo mikono ioshwe kabla ya kumlisha mtoto.

Choo kikiwa cheusi na chenye kunata kama lami, matapishi yakiwa na damu au yakifanana na machicha ya kahawa, mwili ukikonda bila sababu, au tumbo likikaza ghafla kama ubao, hapo pasichemshwe mti wowote. Apelekwe hospitali usiku huo huo, hata kama ni kwa gari la zamu.

Na mke wa askari asimfiche daktari yale aliyomtayarishia mumewe kwa moyo mwema. Afunge kipande cha gome au majani katika karatasi, aandike jina lake kwa lugha ya nyumbani, kiasi kilichonywewa na kwa siku ngapi, ampe daktari pamoja na majina ya vidonge vyote vilivyonunuliwa dukani, aspirini ikitangulia.